Daftari, Kipande na Kidole Gumba: Historia ya Kumtambua Mtu Songea

Kumtambua mtu na kuandika kwamba ametambuliwa ni kazi mbili zinazofanyika kwenye meza moja. Ya kwanza hujibu swali la "Huyu ni nani?" Ya pili huacha alama ya jibu hilo ili mwingine aje kulikagua siku nyingine. Mjini Songea na katika vijiji vya Ruvuma, kazi hizo zimepita mikononi mwa manduna, makarani wa boma, mapadre wa misheni, wanyapara wa mkonge na mabalozi wa nyumba kumi, na sasa zinafanywa na kompyuta zinazoandika kila anayebisha hodi kwenye mtandao. Historia yake inafundisha jambo moja: daftari lilimlinda mtu pale alipoweza kulisoma au kubaki na nakala yake, na lilimwacha bila kinga pale liliposhikwa na upande mmoja tu.

Kabla ya daftari

Wangoni waliingia Ruvuma katikati ya karne ya 19, baada ya safari ndefu kutoka kusini mwa Afrika chini ya Zwangendaba, aliyefia Ufipa. Walijenga dola mbili, Njelu ya ukoo wa Gama na Mshope ya ukoo wa Tawete, wakawatawala wenyeji, wakiwamo Wandendeule, na kuchanganyika nao. Katika jamii hiyo mtu alijulikana kwa ukoo wake na kwa nduna, yaani mkuu wa chini ya mtawala, aliyemsimamia. Mgeni aliulizwa ukoo na atokako, na jibu lake likapimwa na wazee waliokuwapo. Aliyekufahamu ndiye aliyekuwa cheti chako.

Kumbukumbu ilikaa vichwani, katika nasaba, majina ya sifa na masimulizi. Utaratibu huo ulitosha kwa watu waliokaa pamoja na kuonana kila siku. Udhaifu wake ulionekana shahidi alipofariki au vita vilipotawanya watu, kwa maana ushahidi ulikwenda naye.

Boma na hesabu ya nyumba

Mwaka 1897 Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi mahali ambapo ulikua mji uliokuja kubeba jina la Songea Mbano, nduna mashuhuri wa Njelu. Mwaka uliofuata kodi ya nyumba ilianza kutozwa katika koloni lote. Kodi haikusanyiki bila orodha, hivyo karani na kalamu yake walifika vijijini pamoja na askari.

Orodha hiyo ilihesabu nyumba, si watu. Mwenye nyumba aliingia daftarini kama mdaiwa, naye alijulikana kupitia jumbe au mkubwa wa eneo aliyesimama kusema kwamba huyu ni fulani, ana nyumba kadha. Utambulisho wa zamani, ule wa mtu kumshuhudia mtu, ulitumiwa kujenga kumbukumbu mpya ya maandishi. Kilichobadilika ni mahali pa kumbukumbu hiyo. Ilitoka kijijini ikahamia boma, ikaandikwa na kutunzwa na watu ambao aliyeandikwa hakuweza kuwauliza wameandika nini.

Vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani, vilivyoanza mwaka 1905 na kufika Ungoni mwezi Septemba mwaka huohuo, vilionyesha orodha ya majina inavyoweza kutumika kuadhibu. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mjini Songea viongozi na wapiganaji zaidi ya 60, miongoni mwao Mputa Gama, mtawala wa Njelu. Wengi walizikwa katika kaburi la pamoja. Songea Mbano naye aliuawa mwaka huohuo, na kaburi lake liko peke yake. Penye kaburi la pamoja leo pana Makumbusho ya Majimaji, na majina ya mashujaa yamewekwa ili yasomwe na kila anayefika. Majina ambayo mtawala aliyahesabu kwa ajili ya adhabu yamegeuka kuwa urithi wa wazao, ambao kila mwezi wa Februari hukusanyika kuyakumbuka.

Mabaki ya waliouawa yamebakiza swali la utambuzi hadi leo. Inasimuliwa Songea kwamba kichwa cha Songea Mbano kilipelekwa Ujerumani. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mjini tarehe 1 Novemba 2023, akakutana na wazao wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa matendo ya Wajerumani na kuahidi kwamba juhudi zitafanywa kukitafuta. Utafutaji wa namna hiyo unategemea madaftari ya makusanyo ya zamani: nani alileta fuvu, kutoka wapi, lini, na liliandikwa kwa namba gani. Pale ambapo karani wa wakati ule hakuandika jina, mjukuu wa leo anaumia kwa safu iliyoachwa tupu.

Daftari la misheni

Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien walianzisha misheni ya Peramiho, magharibi mwa Songea, mwaka 1898. Mwanzilishi wake, Cassian Spiss, baadaye akawa askofu, na aliuawa Agosti 1905 mwanzoni mwa Majimaji. Misheni ilichomwa moto mwaka huohuo, ikajengwa upya, na mwaka 1931 ikawa abasia.

Pamoja na shule na hospitali, misheni ilileta daftari la aina nyingine. Kanisa Katoliki limewataka maparoko kuandika ndoa na ubatizo tangu Mtaguso wa Trento wa karne ya 16. Kitabu cha ubatizo huandika jina la anayebatizwa, wazazi wake, msimamizi, tarehe na padre aliyebatiza. Pembeni huachwa nafasi ya kuongeza mambo ya baadaye, kama kipaimara na ndoa. Kila mstari una mhusika, shahidi, mtendaji na siku, na marekebisho huandikwa pembeni bila kufuta kilichotangulia.

Muundo huo uliliwezesha daftari la misheni kudumu kuliko madaftari mengi ya serikali. Aliyeandikwa aliweza kurudi parokiani miaka mingi baadaye na kupewa cheti chenye maneno yaleyale ya kitabuni. Hata katika Tanzania huru, mtu asiye na cheti cha kuzaliwa anapoomba kuandikishwa kwa kuchelewa, cheti cha ubatizo, au cha falaki kwa Waislamu, kimekuwa miongoni mwa ushahidi unaopokelewa. Familia nyingi za Ruvuma zinaweza kuthibitisha mwaka wa kuzaliwa wa babu kwa sababu tu padre fulani aliandika mstari mmoja kwa mwandiko wa kusomeka.

Manamba na kipande

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, waliendeleza kodi ya nyumba na mwaka 1922 wakaongeza kodi ya kichwa. Sasa mwanamume mzima alidaiwa yeye mwenyewe, hata kama hakuwa na nyumba. Risiti ya kodi ikawa kitambulisho kisicho rasmi. Aliyesimamishwa njiani na tarishi aliulizwa risiti, na kwa asiye nayo kulikuwa na adhabu ya kulipa kwa kazi ya mikono.

Songea ilikuwa mbali na reli na mbali na bandari, na mazao ya kuuza yalikuwa machache. Fedha ya kodi ilitafutwa mbali. Wanaume wa Kingoni na Kindendeule walitembea kwa wiki kadhaa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, Morogoro na Lindi, na Songea ikawa moja ya hazina kubwa za vibarua nchini. P. H. Gulliver, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyefanya kazi kwa serikali ya Tanganyika, aliandika utafiti maalumu juu ya uhamaji huo, uliochapishwa mwaka 1955.

Aliyekwenda kwa mkataba aliitwa manamba, neno lililotokana na namba aliyopewa alipoandikishwa. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha chombo cha pamoja cha kuandikisha wafanyakazi, SILABU, na vituo vyake vikawa njia ya maelfu ya watu wa Ruvuma kwenda mkongeni. Mkataba ulisomwa mbele ya ofisa, na asiyejua kuandika alibonyeza kidole gumba penye wino kisha penye karatasi. Njia hiyo ilikuwa imeanzia India, ambako mwaka 1858 ofisa Mwingereza William Herschel alimtaka mkandarasi wa Kibengali aweke alama ya kiganja kwenye mkataba, na ambako mwaka 1897 ilifunguliwa ofisi ya alama za vidole mjini Kolkata. Jina mtu aliweza kulibadili. Aliyekimbia shamba moja aliweza kujiandikisha kwingine kwa jina jipya, lakini kidole hakibadilishiki.

Nchini Kenya serikali ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 1919–1920 kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande chenye alama za vidole, kilichowekwa ndani ya kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni, mpaka utaratibu huo ulipoondolewa mwaka 1947. Tanganyika haikuwa na sheria kama hiyo kwa wanaume wote. Huku kipande kilikuwa kadi ya kazi.

Kadi hiyo ilikuwa na nafasi 30, moja kwa kila siku ya kazi. Kibarua alipomaliza sehemu yake ya kukata mkonge, mnyapara au karani aliweka alama. Nafasi zote 30 zilipojaa, mshahara ulilipwa. Siku ambayo kazi haikukubaliwa haikuwekwa alama, hata kama mtu aliamka alfajiri na kurudi jioni. Kwa sababu hiyo mwezi wa kipande haukuwa mwezi wa kalenda, na siku 30 ziliweza kuchukua wiki sita.

Kipande kiliunganisha mambo mawili katika kadi moja: kilisema mwenye kadi ni nani, na kilihifadhi alichofanya siku kwa siku. Palepale pakawa na ugomvi. Alama iliwekwa na upande uliolipa, na malalamiko juu ya siku iliyokataliwa yalisikilizwa na upande uleule. Hata hivyo kadi ilikaa mfukoni mwa kibarua. Aliyejua kuhesabu alihesabu alama zake mwenyewe na kubishana penye meza ya mshahara akiwa na ushahidi mkononi. Idara ya Kazi, iliyoanzishwa mwaka 1926 chini ya Meja Orde-Browne, ilipokagua mashamba ilitegemea karatasi hizohizo. Kibarua asiye na kadi alikuwa na neno lake tu.

Mizani ya tumbaku na barua ya balozi

Kazi ya nyumbani nayo ilipata daftari lake. Kilimo cha tumbaku ya moshi kilienea Songea tangu miaka ya 1930, na mwaka 1936 ulianzishwa ushirika wa Wangoni na Wamatengo, NGOMAT. Mkulima alileta mzigo wake penye mizani, daraja likatajwa, uzito ukasomwa, karani akaandika daftarini na kumpa mkulima stakabadhi yenye maelezo yaleyale. Nakala mbili, moja ya chama na moja ya mkulima, ziliwezesha mkutano wa wanachama kumuuliza karani maswali. Vyama vya msingi vya ushirika vilivyopo Ruvuma hadi leo vimesimama juu ya utaratibu huo, na pale viliposhindwa, mara nyingi kosa lilianzia penye stakabadhi ambayo haikuandikwa.

Baada ya Uhuru kodi ya kichwa ilifutwa, ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo, na kufutwa tena mwaka 2003. Katika miaka ya 1960 chama cha TANU kilijenga mfumo wa nyumba kumi, na balozi akawa shahidi wa kwanza wa utambulisho wa raia. Mtu aliyehitaji huduma alikwenda kwa balozi, kisha kwa mtendaji, akapewa barua ya utambulisho yenye muhuri. Utaratibu wa kale wa kushuhudiana ulirudi ukiwa na karatasi. Mpakani mwa Msumbiji, ambako wakimbizi wa vita vya ukombozi waliingia tangu 1964 na kuwekwa katika makazi kama Muhukuru, uandikishaji ulikuwa suala la usalama na la chakula kwa pamoja, kwa maana mgawo ulifuata orodha.

Tangu wakati huo ofisi yoyote ya umma haijawa kamili bila kitabu cha wageni: tarehe, jina, atokako, shida iliyomleta, saini. Anayefungua ukurasa hukuta waliomtangulia, naye huacha alama kwa watakaofuata.

Namba yenye tarakimu 20

Sheria ya kuandikisha na kutambua watu ilipitishwa mwaka 1986, lakini Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, iliundwa mwaka 2008, na vitambulisho vilizinduliwa tarehe 7 Februari 2013. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mwaka 2015 Daftari la Kudumu la Wapiga Kura liliboreshwa kwa mashine za kuchukua alama za vidole na picha. Tarehe 1 Mei 2019 ukaanza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, na muda wa laini zisizosajiliwa hivyo ukakoma tarehe 20 Januari 2020.

Kwa mkazi wa Songea, kidole kilichochovya wino wa manamba sasa kinabonyezwa kwenye kioo cha mashine ya wakala. Tofauti kubwa ni kasi: zamani alama ililala kabatini mpaka mtu aifungue, na sasa inalinganishwa na kumbukumbu kuu palepale. Hata hivyo mawakala wengi wa fedha za simu bado wana daftari la karatasi mezani, lenye tarehe, namba ya simu, kiasi na saini ya mteja. Mtandao ukisumbua au ugomvi ukitokea, daftari hilo hufunguliwa.

Kumbukumbu ndani ya programu

Nyuma ya kioo hicho kazi mbili za zamani zinaendelea bila karani kuonekana. Mojawapo ya mifumo iliyoweka msingi wa kutambuana mtandaoni ni Kerberos, iliyotokana na mradi wa Athena ulioanza mwaka 1983 katika chuo cha MIT nchini Marekani. Mtumiaji huthibitisha nywila yake kwa seva moja inayoaminiwa na wote, kisha hupewa tikiti ya kielektroniki ya kuonyesha kwa seva nyingine. Tikiti hiyo ina muda wake, na ikiisha huombwa nyingine. Mfumo unategemea saa kiasi kwamba, kwa kawaida, kompyuta zinazopishana kwa zaidi ya dakika tano hukataliwa.

Waandishi wa programu hawaandiki kila kitu upya. Hutumia maktaba, yaani mkusanyo wa amri zilizotayarishwa, kila moja ikiitwa fanksheni. Maktaba ya utambuzi huwa na fanksheni za kuthibitisha na, kando yake, fanksheni za kuandika kumbukumbu. Mfano ni Shishi, maktaba huru ya Kerberos ya mradi wa GNU iliyoandikwa na Simon Josefsson wa Sweden. Ina fanksheni moja ya kutoa taarifa ya kawaida, nyingine ya kutoa onyo, na nyingine ya kueleza hatua kwa undani wakati fundi anapotafuta kosa. Mwenye programu huchagua ujumbe uende wapi: kwenye kioo, kwenye daftari la mfumo, au usiandikwe kabisa.

Daftari la mfumo linalotumika kwa wingi ni syslog, lililobuniwa na Eric Allman huko Berkeley katika miaka ya 1980 kwa ajili ya programu yake ya barua pepe. Lilipanga ujumbe katika ngazi nane za uzito, kutoka 0, ambayo ni dharura ya kusimamisha mfumo, hadi 7, ambayo ni maelezo ya mafundi. Fundi hupanga kuona ngazi za uzito mkubwa tu siku za kawaida na kufungua ngazi zote siku ya tatizo.

Safu za kumbukumbu hiyo zinafanana na zile za kitabu cha wageni: saa, aliyeomba, kompyuta aliyotokea, huduma aliyotaka, na kama alikubaliwa au alikataliwa. Kukataliwa mara nyingi kwa dakika chache ni dalili ya mtu anayebahatisha nywila, na onyo lililoandikwa mapema huokoa akaunti. Kisichopaswa kuandikwa ni nywila yenyewe. Kumbukumbu husomwa na mafundi wengi na huhifadhiwa muda mrefu, na siri ikiingia humo si siri tena. Hapa kuna nidhamu ambayo makarani wa zamani hawakuwa nayo: kuamua kwa makusudi kipi kisiingie daftarini.

Haki ya kusoma

Kwa zaidi ya karne moja, watu wa Songea waliandikwa na wengine: boma kwa ajili ya kodi, kampuni kwa ajili ya kazi, dola kwa ajili ya usalama. Palipokuwa na nakala mkononi, kama kipande, stakabadhi ya tumbaku au cheti cha ubatizo, maandishi yaliweza kumtetea mwenye jina. Palipokosekana nakala, ilibidi aamini alichoambiwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imempa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazoshikwa na taasisi na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Kwa haki hiyo, nakala ambayo kibarua wa mkonge aliibeba mfukoni imepata mwenzake katika zama za kompyuta. Haki isiyodaiwa hubaki maandishi. Mwenye laini ya simu, akaunti ya benki au kadi ya hospitali ana sababu ileile aliyokuwa nayo manamba ya kuhesabu alama zake: kuuliza kilichoandikwa, kukisoma, na kukisahihisha kabla hakijatumika dhidi yake.